Kijana wetu katoka jela Butimba, anataka kurudi mwalo ule ule alioibia. Nifanyeje?

mama_wa_vichanja

Wadau habari za jioni. Naomba mawazo, matusi nshapewa ya kutosha na ndugu.

Mimi nafanya dagaa huku Igombe, nanunua mbichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye vichanja alafu napeleka Kirumba mwaloni (mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanauzwa), si biashara kubwa ila inasomesha. Nina mtoto wa dada yangu, mimi ndo mama yake mdogo na kakulia mikononi mwangu. Alikua mvuvi kwenye mtumbwi wa tajiri mmoja hapa hapa, tajiri mwenyewe alimpenda, Krismasi alikua anamnunulia nguo pamoja na watoto wake. Sasa usiku mmoja yeye na wenzie wawili wakafungua mashine ya boti, ile HP 15, bado mpya kabisa, wakavuka nayo upande wa Sengerema kwenda kuuza. Wale wawili mpaka leo hawajulikani walipo. Wa kwetu akakamatwa, akakiri mwenyewe mahakamani, akala mvua tatu, yaani miaka mitatu jela. Kwa ile theluthi wanayosamehewa wafungwa wenye nidhamu katumikia miwili, sasa hivi yuko nje na hadaiwi kitu na magereza.

Mashine ilipatikana lakini ilirudi mbovu, na mpaka ikatengenezwa tajiri alikua ameshapoteza giza zima na kidogo. Kwa msiojua, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, kwahiyo ukikosa giza ndo umekosa mwezi mzima wa hela. Wavuvi wake wakahamia kwa matajiri wengine, na wengine hawakurudi tena. Hiyo ndo inayomuuma mpaka leo kuliko mashine yenyewe.

Kijana yuko kwangu. Anaamka saa kumi usiku hakuna aliyemuamsha, anakunja blanketi pembe zikutane, anafagia uwanja mpaka wa jirani. Juzi mtendaji wa mtaa kapita tu kusalimia, akamuita kwa jina, kijana huyo kachuchumaa chini mikono magotini anaangalia mchanga. Mtendaji akaona aibu yeye, akamwambia inuka baba, hapa uko nyumbani. Mimi nikajifanya naenda kuangalia maharage.

Dada yangu, mama yake mzazi, anataka aende visiwani, Goziba huko, anasema kule hakuna atakayemuuliza katokea wapi. Mume wangu hajasema neno, na mume wa Kisukuma akinyamaza wiki nzima ujue kashaongea sana. Kijana mwenyewe hataki kisiwa, anataka abaki Igombe afanye kazi na mimi, anasema kule itabidi aanze kudanganya watu upya na yeye kuficha ficha kashachoka.

Na mimi kiukweli namuhitaji. Miguu yangu haiko sawa, nataka mtu wa kubeba mabeseni, kugeuza dagaa juani, kukimbiza mzigo turubai mvua ikianza, na zaidi mtu wa kuwahi mitumbwi saa kumi na moja na hela mkononi maana dagaa wazuri ukichelewa wameshaenda. Sasa hapo kwenye hela mkononi ndo nagwaya. Na tajiri anapita pembeni ya vichanja vyangu kila asubuhi, tunasalimiana, mambo ya mvua, mambo ya bei, hili hatujawahi kuligusa toka siku ya hukumu.

Nimruhusu abaki au nimpeleke kisiwani? Na kama anabaki, hela nimpe au nisimpe?

Kayenze_HP40

Dada nitakua mkweli. Mpeleke mbali. Mimi niliibiwa mashine nikiwa majini, sio nchi kavu kama huyo tajiri wako, walitufuata na boti yao, wakachukua mashine, mafuta na taa za sola zote wakatuacha tunaelea na upepo, tulipiga kasia mpaka mikono ikatoka damu. Watu humu mnaongea second chance second chance kama wazungu, nyie hamjui mashine ni nini. Mashine moja inalisha watu saba kwenye mtumbwi, na familia zao, na mama wa chai pale mwaloni, na huyo huyo mama mdogo anayenunua dagaa. Na nyingi zinakua za mkopo, mashine imeibiwa marejesho yanaendelea.

Huyo alikua anakula kwa tajiri. Aliyekuibia anakujua ni mbaya kuliko wa kutoka mbali. Kwangu asikanyage.

mama_wa_vichanja

@Kayenze_HP40 pole sana kaka yangu kwa yaliyokukuta. Sibishi, ndo maana nimeuliza.

Tulizo_wa_Igoma

Muombeeni tu huyo kijana

fundi_geti_Buhongwa

Mama shikamoo. Nimesoma mara mbili nikaona nisipite.

Mimi pia nilikua mle mle Butimba, kosa langu sio la mashine ila ni jamii hiyo hiyo ya kuchukua kisicho chako. Leo nachomelea mageti na madirisha Buhongwa, nina vijana wawili wananisaidia. Ngoja nikwambie ambavyo ndugu waliokaa nje huwa hawavioni.

Kwanza ukitoka pale getini kila kitu kina mlango. Laini ya simu inataka NIDA na kidole, ya zamani ilishafungwa zamani, bila laini huna M-Pesa wala namba ya kumpa mtu anayetaka kukuita kwenye kibarua, kitambulisho chenyewe kiko kwa ndugu hujui aliweka wapi, chumba unaulizwa ulikua unakaa wapi mwanzo. Kila mlango unaulizwa swali lile lile kwa namna nyingine na wewe unatakiwa uamue papo hapo useme au udanganye. Huyo dogo akikwambia kachoka kuficha muelewe, inachosha kuliko kazi ya shamba tuliyokua tunafanya ndani.

Pili, wanaokupokea haraka ni wale wale. Ndugu wanasita, wanaitisha kikao, wanasema tuone kwanza. Washkaji wa zamani wao hawana kikao, siku ya pili tu wameshakuja na bia na viatu na elfu ishirini ya kuanzia maisha. Mimi nilikaa na njaa nimeiangalia hiyo elfu ishirini mama acha tu. Wale wawili waliokimbia, mnasema hawajulikani walipo, wao wanajua yeye alipo. Na wana deni kwake maana hakuwataja wakakamatwa, watakuja kulilipa kwa njia yao. Hilo liongeeni mapema ndani ya nyumba kwa sauti, sio kwa mafumbo.

Kuhusu Goziba. Ni kweli kule hakuna anayekuuliza, na sababu ni kwamba nusu ya waliopo hawataki kuulizwa. Nilienda kisiwani (sio Goziba, kingine, sitaji) nikidhani nimepona. Unavua giza zima, mgawo ukitoka tayari unadaiwa dukani, unga, sigara, sabuni, kibanda cha kulala, unalipa unabaki na hela ya pombe tu, mwezi mkubwa wote mko kijiweni hamna kazi mnasubiri giza lingine. Mtu katoka jela ana kichwa kimejaa mawazo alafu unamuweka sehemu ambayo nusu ya mwezi hana la kufanya. Na siri haikukaa hata kidogo, mtumbwi wa kwanza kutoka Mwanza ulikuja na mtu aliyenijua, kuanzia hapo nikawa mfungwa na muongo vilevile.

Nikarudi. Nikauza mayai ya kuchemsha na maji kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, ile kazi haina anayekuuliza cheti, foleni ikiwa ndefu ndo riziki yako. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2025 foleni ikafa na biashara ikafa nayo, magari yanapita tu juu huko. Sina ugomvi na daraja, wagonjwa wa Sengerema walikua wanateseka kusubiri kivuko, ila sisi wa mayai hatukuitwa kwenye sherehe. Ndo nikakumbuka kuchomelea nilikua nimekushika ndani, nikaenda kwa fundi mmoja nikamwambia siku ya kwanza kabla sijashika hata grainda, mzee mimi nimetoka jela, kosa langu lilikua hili, ukitaka niondoke naondoka sasa hivi. Akaniangalia akaniambia leta hizo bomba. Basi. Hajawahi kuligusa tena mpaka namuacha naenda kujitegemea.

Sasa hela. Mama nisikilize vizuri hapa. USIMTEGEE. Watu wengi wanafanya hivi, wanaacha elfu kumi juu ya meza wanatoka nje kuangalia kama itakuwepo. Sisi tunaijua. Tukiiona tunaijua ni mtego kuanzia inavyokaa. Mimi shangazi yangu aliniwekea chini ya kitambaa cha tv, niliichukua nikampelekea mkononi nikamwambia shangazi hela yako hii hapa, alafu usiku ule nikahama kwake. Sio kwamba nilikasirika sana, niliona tu hapa nitakua mahabusu mpaka nizeeke.

Mpe hela wazi, kwa hesabu. Alfajiri hii hapa elfu themanini, nunua mabeseni kadhaa, bei ya leo ni hii, chenji na mzigo nionyeshe. Andika kwenye daftari na yeye aandike la kwake. Sio kwamba ni yeye tu, hata ungeajiri mtoto wa mchungaji ungemwandikia. Anza ndogo, panda taratibu. Mwizi anayetaka kurudi kwenye wizi hatashindwa kukuibia hata ukificha, na asiyetaka unamsaidia kwa kumpa kitu cha kuonyesha kwamba jioni hesabu imekaa sawa.

Kayenze_HP40

@fundi_geti_Buhongwa wewe ni mmoja mkuu. Kwa kila mmoja kama wewe wangapi wanarudi ndani?

fundi_geti_Buhongwa

Wengi. Nimewaona wanarudi, wengine kabla hata viatu walivyotokea navyo havijachakaa. Na wengi niliowaona wanarudi ni wale ambao hakuna mtu aliyekuja getini kuwachukua.

mwanasheria_wa_kijiweni

Naona mnaongea moyo, ngoja niongeze karatasi kidogo maana miaka mingi nasaidia watu na kesi ndogo ndogo pale mahakamani.

Kesi ya wizi inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Tajiri kwenye ile kesi alikua shahidi tu, alisimama akasema mashine ni yangu akarudi kukaa. Kwahiyo kijana kamaliza na Jamhuri, na hilo limeisha kabisa, hakuna mtu wa kumuongezea hata siku. Ila na tajiri hawajawahi kukaa hata dakika moja. Dada tafuta nakala ya hukumu uangalie kama hakimu aliamuru fidia, maana mahakama ina uwezo huo, na kama ipo amri ya fidia kumaliza kifungo hakuifuti. Kama haipo basi kisheria hadaiwi, labda tajiri afungue madai, kibinadamu ni habari nyingine.

Kuna mtu atauliza mbona hakupewa kifungo cha nje. Ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu hakimu anaweza kuagiza mtu afanye kazi ya umma bila malipo huku analala kwake, ila ni uamuzi wa mahakama na wengi hawajui hata kuomba. Parole nayo ipo toka sheria ya 1994 lakini hiyo ni ya waliofungwa kuanzia miaka minne, tena sio makosa yote, kwahiyo yeye isingemhusu.

Kuhusu kubaki Igombe. Hakuna mwenyekiti wa mtaa wala BMU (kile kikundi kinachosimamia mwalo) mwenye mamlaka ya kumwambia mtu aliyemaliza kifungo ahame. Katiba ibara ya 17 inampa uhuru wa kukaa anapotaka, na ya 22 inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, haijasema kila mtu isipokua aliyewahi kuiba. Hata ubunge, mtu aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ibara ya 67 inamzuia kama ametiwa hatiani ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Baada ya hapo mlango uko wazi. Kwahiyo mbunge anaweza kurudi alafu mgeuza dagaa asiweze, tuwe serious kidogo.

Pale atakapokwama ni cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha alama za vidole. Waajiri wakubwa na mambo ya viza wanakitaka na hukumu yake itaonekana. Kwa mwaloni hakuna anayemuuliza cheti, kwahiyo biashara ya mama mdogo kwa sasa ndo ajira bora aliyonayo. Baadae akitulia atafute wenzie waunde kikundi, mikopo ile ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi, inatolewa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu na haina riba. Wakaguzi wa mkopo ni watu wa kata yake hiyo hiyo, kwahiyo hapo pia jina lake mtaani ndo dhamana.

Mzee_wa_Mwalo

Mwangaluka. Mimi nimekaa kwenye uongozi wa BMU miaka mingi, sio Igombe, nisije nikaeleweka vibaya.

Binti yangu wewe umeuliza abaki au aende na umeuliza habari ya hela. Mimi naona hujauliza la tajiri, na hilo ndilo la kwanza. Huwezi kumpitisha huyu kijana mbele ya macho ya yule bwana kila asubuhi na beseni kichwani kama vile hakuna kilichotokea. Nimewahi kuona hivyo mwaloni kwetu, mtu kavumilia wiki ya kwanza, ya pili, siku moja dagaa kidogo tu zimemwagika wakashikana panga.

Aende akaseme. Asiende na wewe, wala na mama yake, kina mama mtalia na shughuli itageuka kuwa ya kuwabembeleza nyie. Aende na mtu mzima ambaye tajiri anamheshimu, awe ni mzee wa kanisa au msikiti au mvuvi wa zamani. Wasiende asubuhi mitumbwi ikishusha, watu wamejaa, tajiri ataona anafanyiwa maigizo. Waende jioni nyumbani kwake, mwezi ukiwa mkubwa, mana siku hizo hana haraka ya kwenda ziwani. Na asiende kuomba kazi! Vijana wengi wanaharibu hapo, anaomba msamaha kwa mdomo mmoja na mdomo huo huo anaomba nafasi kwenye mtumbwi. Aseme alichofanya kwa jina lake, nilikuibia mashine, asiseme "yale mambo" wala "shetani alinipitia". Shetani hakufungua zile bolti.

Tajiri akimfukuza, arudi nyumbani, asubiri giza lingine, aende tena. Akimpiga kibao asirudishe.

La pili. Wewe binti mpe kazi za nchi kavu tu. Vichanja, mabeseni, kupakia gari la Kirumba. Asiende majini kwa sasa na asikubali kabisa zamu ya kulinda mashine usiku hata akiahidiwa hela nzuri. Sio kwamba ataiba. Ni kwamba siku yoyote mashine ikipotea Igombe, na zitapotea, jina la kwanza litakua lake. Watu wakishapandisha hasira hawasubiri polisi, mnajua wenyewe mwizi wa mwaloni anavyofanywa. Kwahiyo usiku awe ndani, na awepo mtu mwingine zaidi yako anayejua yuko ndani, jirani, balozi, yeyote. Kamwambieni na mwenyekiti wa mtaa rasmi kwamba huyu yuko kwetu, kazi yake ni hii, analala hapa. Inauma mtu mzima kuishi hivyo, najua, lakini ndio kinga yake.

BMU nako aende, ajitambulishe, aandikwe. Siku za usafi wa mwalo asikose. Watu wa mwalo hawasomi barua, wanaangalia nani kashika fagio.

Tulizo_wa_Igoma

Mzee umemaliza. Hapo kwa shetani na bolti nimecheka mpaka abiria mwenzangu kaniangalia.

dada_wa_Pasiansi

Mama mdogo naomba niulize kitu kimoja, huyo kijana ana mke au mtoto? Kaka yangu alipotoka aliyemvuruga hakua tajiri wala mtaa, ni kukuta mtoto wake anamuita mwanaume mwingine baba. Hakuna aliyemuandaa. Kama kuna jambo kama hilo msimuache alikute mwenyewe sokoni.

mama_wa_vichanja

@dada_wa_Pasiansi mke hakuwepo, kulikua na mchumba, kaolewa Magu. Anajua, niliwahi kumwambia nikienda kumtembelea. Asante kwa kuuliza maana ndugu zake hakuna aliyeuliza hilo.

mama_wa_vichanja

Wadau nimerudi, samahani kwa ukimya, kulikua na mvua mfululizo na mzigo haukauki, nimeuza nusu yake kwa bei ya chakula cha kuku.

Nilimfata mzee mmoja alikua mvuvi na marehemu baba yake tajiri, nikamwomba aende na kijana. Wamekwenda jioni. Mimi sikwenda kama mlivyoniambia ila nilikaa kwa mama muuza vitumbua nyumba ya tatu, naombeni mnisamehe.

Kwa maelezo ya mzee, tajiri aliwakaribisha ndani, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kijana kasema alichofanya, kataja mashine, kataja usiku, kataja hata yule mtu wa ng'ambo waliyekua wamuuzie. Tajiri akanyamaza muda mrefu. Alafu akamuuliza swali moja tu, kwamba siku ile mchana ulikula kwangu, ulikua tayari umeshapanga? Kijana akajibu ndiyo baba, nilikua nimeshapanga. Mzee anasema hapo yeye mwenyewe alitamani kijana adanganye kidogo.

Tajiri akasema hela hataki, mashine alishatengeneza na giza lililopita halirudi. Abaki Igombe, yeye hana mwalo wa kumfukuza mtu. Ila kwenye mitumbwi yake asisogee, sio mwaka huu wala mwaka kesho, na asimwite baba. Mke wa tajiri ndo alilia, akawafungia samaki, mzee kachukua wa kwake, kijana akaona aibu kuchukua, mzee akamlazimisha.

Nyumbani kijana hakula huyo samaki. Mume wangu ndo akaongea sasa, mara ya kwanza toka arudi, akamwambia kesho saa kumi na nusu tunaamka wote, nitakuonyesha mtumbwi gani wana dagaa wasio na mchanga. Wakaenda wote wawili. Hela alishika mume wangu siku mbili, ya tatu akampa kijana. Daftari nimenunua mawili. Jana jioni hesabu yake ilizidi mia tano akaja kuniamsha, kumbe mimi ndo nilikosea kumhesabia asubuhi.

Dada yangu bado anataka Goziba, hatuongei vizuri. Na wale wawili mmoja kashapiga simu. @fundi_geti_Buhongwa ulisema kweli. Kijana kaniletea simu mwenyewe ikiwa inaita, hakujua afanye nini, na mimi sikujua, nikaizima. Sijui kama nilifanya sawa.

mwanasheria_wa_kijiweni

Namba hiyo msiifute dada. Huyo bado anatafutwa kwenye kesi ya mashine. Kijana akiongea nae kwa siri kesho inaweza kusemwa walikua wanapanga. Andika tarehe na saa aliyopiga, umwambie mwenyekiti wa mtaa, na ikiwezekana muende kituoni na kijana mwenyewe mkatoe taarifa. Mwende mchana, wote wawili.

fundi_geti_Buhongwa

Hapo kwa kituoni naomba nipingane na mwanasheria kidogo. Kisheria yuko sawa. Ila mtu katoka ndani juzi, kumrudisha kaunta ya polisi hata kama ni kutoa taarifa, miguu itakataa, na huko mwaloni wakimuona anaingia kituoni watajitungia hadithi yao. Na wale jamaa wakijua kawataja nani atamlinda usiku? Mimi ningeanza na mwenyekiti na yule mzee aliyemsindikiza, wao ndo waende, yeye awe nyuma yao.

Mzee_wa_Mwalo

Fundi yuko sawa. Na mumeo aende nao.

Kayenze_HP40

Nimesoma yote. Bado simwamini na sitajifanya namwamini. Ila huyo kajibu "ndiyo nilikua nimeshapanga" mbele ya mtu aliyemuibia, wale walioniacha naelea hata mmoja hajawahi kuja kuniambia chochote.

Dada, huku Kayenze giza hili tumepata sana, wanunuzi wachache, barabara imeharibika na mvua. Akitaka kuja kununua aje na mume wako, mtumbwi wangu nitamuuzia bei ya wote. Hela mkononi, mkopo hapana.

mama_wa_vichanja

Beseni bei gani kaka yangu? Na mchanga upo?